Meli Ikikaa Mchangani, Ulizia Daftari la Maji

Mabaharia wa mwambao wana neno lao la chombo kilichoachwa na maji: kimepwelewa. Jahazi lililoingia mlango wa mto wakati maji yamejaa, likachelewa kutoka, hukuta maji yameshapwa. Huegemea ubavu juu ya tope, na mabaharia hushuka kwa miguu kwenda kutafuta kahawa. Hakuna anayeshika kichwa. Nahodha anajua kwamba baada ya saa sita hivi maji yatajaa tena. Hata kama amekwama siku ya bamvua, pale maji yalipopanda juu kuliko kawaida, atangoja kiasi cha wiki mbili hadi bamvua nyingine, kisha chombo kitaelea. Kupwelewa, kwa hiyo, ni neno la subira. Limejengwa juu ya mazoea ya maji yanayokwenda na kurudi kwa hesabu inayojulikana, na mshika hesabu ni mwezi, ambao haupokei maagizo ya wizara yoyote. Tatizo huanza pale tunapolichukua neno hili la baharini, pamoja na subira yake, tukalipeleka kwenye maziwa na mito ambako mshika hesabu ni mtu aliyekaa ofisini.

Chukulia mji wa Moynaq, katika eneo la Karakalpakstan, kaskazini-magharibi mwa Uzbekistan. Hapo palikuwa bandari ya Bahari ya Aral, pakiwa na kiwanda kikubwa cha kusindika samaki. Leo safu ya meli za uvuvi imekaa mchangani, chini ya kilima kilichokuwa ukingo wa bahari. Mabati yake yameliwa na kutu, na maji yaliyobaki yako zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo. Watalii hupanda juu ya sitaha wakapiga picha. Picha hizo zimezunguka dunia, na karibu kila zinapochapishwa hupewa maelezo ya namna moja: bahari iliyokufa, bahari iliyotoweka, bahari iliyokimbia. Maneno yote hayo yanaifanya bahari yenyewe kuwa mtendaji, kana kwamba iliamka siku moja ikafunga virago. Hoja yangu ni kwamba meli iliyokaa mchangani ni shahidi dhaifu. Inaonyesha hasara bila kuonyesha sababu, tena inafika mahakamani kesi ikiwa imekwisha. Anayetaka kujua kilichotokea, na zaidi anayetaka kuzuia kisitokee kwake, aulizie daftari la maji: usawa ulikuwa mita ngapi, yaliingia kiasi gani, yalitolewa kiasi gani, kwa kanuni ipi na kwa amri ya nani. Na daftari hilo lisomwe hadharani, mbele ya watu wanaoishi kando ya maji, kabla ya mkuku wa kwanza kugusa tope.

Daftari la Aral linasomeka vizuri. Mwaka 1960 bahari hiyo, ambayo kwa hakika ni ziwa lisilo na pa kutokea, ilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 68,000 hivi, karibu sawa na Ziwa Victoria. Ilinyweshwa na mito miwili mikubwa, Amu Darya na Syr Darya, inayoshuka kutoka milima ya Asia ya Kati. Serikali ya Kisovieti iliamua kuyageuza majangwa ya huko kuwa mashamba ya pamba, na maji ya kumwagilia yakachukuliwa kutoka mito hiyo hiyo. Mfereji wa Karakum, ulioanza kuchimbwa mwaka 1954, ulipita zaidi ya kilomita 1,300 ndani ya Turkmenistan. Sehemu kubwa ya mfereji huo haikusakafiwa, hivyo maji mengi yalinywewa na mchanga kabla ya kufika shambani. Matokeo yake yaliandikwa kwa sentimita. Katika miaka ya 1960 usawa wa bahari ulishuka kwa wastani wa sentimita 20 kwa mwaka. Katika miaka ya 1970 ukashuka sentimita 50 hadi 60. Katika miaka ya 1980 ukafika sentimita 80 hadi 90. Kwa vipimo vya mkono, bahari ilianza kwa kupoteza shubiri moja kwa mwaka, ikaendelea na dhiraa moja, ikaishia na karibu dhiraa mbili. Shubiri moja kwa mwaka haionekani na mtu anayeishi kwa kutazama mawimbi. Upepo wa siku moja unaweza kuificha. Lakini kwenye kipimo kilichosimikwa majini inaonekana wazi. Miaka kumi ya kwanza, wakati ambapo lolote lingeweza kurekebishwa kwa gharama nafuu, ilikuwa miaka ambayo namba zililia na vyombo vikanyamaza.

Vyombo vilipoanza kulia, watu walivihudumia vyombo badala ya maji. Mifereji ilichimbwa kuifuata bahari ilikokimbilia ili meli ziweze kufika gatini. Bahari ikazidi kurudi nyuma, mifereji ikarefushwa, mwisho wachimbaji wakashindwa mbio. Uvuvi wa biashara ulikufa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwa muda kiwanda cha Moynaq kikawa kinaletewa samaki waliovuliwa katika bahari za mbali ili wafanyakazi wasikae bure. Kisha nyingi za meli zilikatwakatwa zikauzwa kama chuma chakavu. Si vyombo tu vilivyoachwa. Kisiwa cha Vozrozhdeniya, ambako jeshi la Kisovieti lilifanyia majaribio ya silaha za vijidudu vya maradhi kwa kuwa kilizungukwa na maji pande zote, kiliungana na nchi kavu mwaka 2001. Mlinzi wa siri ile alikuwa maji, naye akaondoka bila kuaga. Kufikia mwaka 2007 bahari ilikuwa imebaki na takriban sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake wa zamani, na tope lililokauka likawa jangwa jipya ambalo upepo wake hubeba chumvi na masalia ya dawa za mashambani hadi vifuani mwa watu. Wala haikuwa ajali ya kutojua. Wapangaji walijua kwamba bahari itapungua. Walipiga hesabu wakaona thamani ya pamba inaizidi ya samaki, na wavuvi hawakuulizwa.

Pingamizi la kwanza ni la msomaji mwenye kumbukumbu ndefu: maji yamekuwa yakipanda na kushuka tangu dunia iumbwe, kwa nini leo tumtafute mtu wa kumlaumu? Pingamizi hili lina ushahidi mzuri, na haifai kulipita kwa haraka. Kwenye sakafu iliyokauka ya Aral yenyewe yamegunduliwa magofu ya kaburi la Kiislamu la zama za kati, mahali paitwapo Kerderi. Maana yake ni kwamba karne nyingi kabla ya pamba ya Kisovieti watu walizikana pale ambapo baadaye meli zilipita. Na hapa kwetu, mgeni anayekwenda Ujiji kuona mnara wa mahali ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871 hushangaa kuliona ziwa liko mbali na mnara. Wakati ule Ziwa Tanganyika lilikuwa limejaa sana, kwa kuwa mlango wake wa pekee, Mto Lukuga, upande ambao leo ni Kongo, ulikuwa umezibwa na udongo na majani. Mwishoni mwa miaka ya 1870 maji yalilivunja zibo hilo, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa mita kama kumi. Hakuna serikali iliyofungua lango, wala shamba lililonyweshwa. Ziwa lilijitoa lenyewe, na mitumbwi ikahamia ilikoenda fukwe.

Lakini ukilifuata pingamizi hili hadi mwisho, utaona kwamba linaikaza hoja ya daftari badala ya kuilegeza. Ikiwa maji hubadilika kwa sababu nyingi, nyingine za mbinguni na nyingine za ofisini, basi mtumbwi uliokaa tope hauwezi kutuambia ni sababu ipi iliyofanya kazi safari hii. Mtumbwi ulioachwa na Lukuga na meli iliyoachwa na pamba hukaa mchangani kwa namna ile ile. Asiye na kipimo atamlaumu mwenye hatia na asiye na hatia kwa sauti moja, au atamsamehe kila mtu kwa jina la mapenzi ya Mungu. Mkuu wa bwawa akisema ni ukame, na mvuvi akisema ni bwawa, ubishi wao utadumu mpaka mmoja achoke, maana wote wawili wanasema kwa kubahatisha. Namba za mvua, za uvukizi na za maji yaliyoachiwa langoni ndizo zinazoweza kuwapatanisha, au kumtia mmoja wao hatiani.

Ziwa Victoria limetupa mfano ulio karibu zaidi. Ziwa hili lina mlango mmoja wa kutokea, Jinja nchini Uganda, unapoanzia Mto Nile. Usawa wake umekuwa ukisomwa tangu mwaka 1896. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954, palikuwa na makubaliano kati ya Uingereza, iliyoitawala Uganda, na Misri: maji yatakayoachiwa yafuate usawa wa ziwa, kama ambavyo yangetoka yenyewe pasipo bwawa. Ziwa likiwa juu, toa zaidi. Likiwa chini, toa kidogo. Kanuni hiyo ilikuwa nzuri kwa sababu mtu yeyote mwenye namba mbili, ya usawa na ya maji yaliyotoka, angeweza kujua kama inafuatwa. Kisha likaja bwawa la pili, Kiira, lililoanza kazi mwaka 2000, ukaja ukame, na mahitaji ya umeme yakapanda. Kati ya mwaka 2003 na 2006 ziwa lilishuka hadi usawa ambao haukuwahi kuonekana tangu miaka ya 1920. Mialo ilirudi nyuma, vyombo vikapata taabu kufika gatini, na mabomba ya kuvutia maji ya mijini yakabaki karibu na hewa. Wataalamu walipolifungua daftari walikuta kwamba ukame ulikuwa wa kweli, lakini karibu nusu ya anguko hilo ilitokana na maji yaliyoachiwa kupita kiasi cha makubaliano. Nusu ya mbinguni, nusu ya ofisini. Mvuvi wa Mwanza au wa Kisumu, akiwa amesimama kwenye tope jipya, angewezaje kuigawa hasara yake namna hiyo kwa macho tu?

Tusisahau pia kwamba maji hukwamisha kwa kupanda kama yanavyokwamisha kwa kushuka. Mwezi Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, na kuivuka kidogo rekodi ya mwaka 1964 iliyofuata mvua kubwa za miaka ile. Mwaka 2024 rekodi hiyo nayo ikavukwa. Ziwa Baringo nchini Kenya limemeza majengo, yakiwemo mahoteli na shule, hata mapaa yakawa vituo vya ndege wa majini. Ziwa Tanganyika limeingia mitaani Bujumbura na Uvira. Huko vitu vya nchi kavu ndivyo vilivyokwama majini, lakini swali ni lile lile. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ni sheria ya busara. Lakini mita 60 kutoka ukingo wa mwaka gani? Kwenye pwani tambarare, ziwa likipanda mita moja tu, ukingo unaweza kusogea mamia ya mita. Aliyejenga kwa kutii sheria mwaka 2006, ziwa likiwa chini, huenda aliamka mwaka 2020 akiwa mvunja sheria mwenye maji kitandani. Kigingi cha mpaka kisichofungwa kwenye usawa uliopimwa ni mashua isiyo na nanga, nayo huishia kumuumiza mtu ambaye sheria ilikusudia kumlinda.

Pingamizi la pili husema kwamba Aral ni kisa cha udikteta. Moscow iliamua, wavuvi wa Karakalpakstan hawakuwa na bunge wala gazeti. Nchi yenye uchaguzi na vyombo vya habari huru haiwezi kufika huko. Ningependa liwe kweli. Lakini mwaka 2022, katika Ziwa Mead nchini Marekani, ambalo ni maji ya Mto Colorado yaliyozuiwa na Bwawa la Hoover, usawa ulishuka hadi kiwango cha chini kabisa tangu ziwa lilipokuwa likijazwa mwaka 1937. Tope likatoa boti za starehe zilizozama zamani, chombo cha kushushia askari cha wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, na hata pipa lenye mifupa ya mtu. Nchi ile ina magazeti, mahakama na uchaguzi. Kosa lake lilikuwa ndani ya daftari lenyewe: mkataba wa mwaka 1922 uliyagawa maji ya Colorado kati ya majimbo kwa kufuata vipimo vya miaka iliyokuwa na mvua nyingi isivyo kawaida, hivyo karatasi ikagawa maji ambayo mto haukuwa nayo. Wenye haki walichukua haki zao kwa njia halali kabisa, na ziwa likapungua kihalali.

Hata hivyo, tofauti ya Mead na Aral inafaa kuangaliwa. Usawa wa Mead unatangazwa, na tangu mwaka 2007 kuna kanuni inayosema kwamba ziwa likifika kiwango fulani, majimbo fulani yatapunguziwa maji kwa kiasi fulani. Mwezi Agosti 2021 upungufu ulitangazwa rasmi kwa mara ya kwanza, na makato yakafuata. Mwaka 2023 majimbo matatu ya chini ya mto yakakubaliana kupunguza zaidi. Makato hayo yamechelewa, na huenda hayatoshi. Lakini huko kipimo kimefungwa kamba na kanuni, kanuni imefungwa kamba na lango, na kila mtu anaiona kamba. Moynaq hapakuwa na kamba. Jinja kamba ilikuwepo, ikalegezwa wakati waliokuwa upande wa pili wa ziwa hawaitazami. Kutoka visa hivi vitatu naona kwamba kipimo peke yake hakitoshi, na kanuni peke yake haitoshi. Panatakiwa na mtu wa tatu, raia anayeweza kuvilinganisha viwili hivyo bila kuomba ruhusa.

Pingamizi la tatu ndilo zito, nalo hutoka kwa watu wenye nia njema. Nchi inataka umeme, wali na ajira. Haiwezi kuacha maji yapite tu kwa ajili ya mitumbwi michache. Nakubaliana na nusu ya kwanza. Pamba ya Asia ya Kati iliwavisha watu na kuwapa riziki, na umeme wa Jinja uliwasha taa za hospitali. Hakuna anayedai kwamba kila tone libaki lilipo. Lakini kutumia maji ni kulipa, na katika malipo yoyote yafaa ijulikane nani anatoa na nani anapokea. Bonde la Usangu huko Mbeya limekuwa ghala la mpunga, na Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, viboko wakibanana kwenye madimbwi ndani ya hifadhi. Umeme ulipokatika miaka ile, lawama zilirushwa pande zote: wakulima, wafugaji, ukame. Baadaye watafiti walionyesha kwamba namna bwawa la umeme la Mtera, lililo kwenye mto huo huo, lilivyoendeshwa nayo ilichangia upungufu ule. Wakati huo hukumu za mtaani zilikuwa zimeshatolewa. Huo ndio ugomvi wa watu wasio na daftari: aliye dhaifu ndiye anayebeba lawama, hata kama si yeye aliyechukua maji. Maendeleo ya kweli hayaogopi hesabu yake kusomwa. Kama wali na umeme vinaizidi thamani ya samaki, na hutokea vikaizidi, basi hesabu ionyeshwe na mvuvi alipwe fidia. Asiachwe agundue mwenyewe, asubuhi moja, kwamba gati limekuwa daraja la nchi kavu.

Lipo pia pingamizi la kukata tamaa: namba hazirudishi maji. Yaliyopotea yamepotea, na mvuvi hali takwimu. Jibu liko Aral hiyo hiyo, upande wa kaskazini. Bahari ilipogawanyika vipande viwili mwishoni mwa miaka ya 1980, wenyeji wa upande wa Kazakhstan walijenga tuta la mchanga kuzuia maji ya Syr Darya yasitiririkie kusini yakaishia jangwani. Tuta hilo lilivunjwa na dhoruba mwaka 1999, lakini kwa miaka liliyosimama liliacha kitu cha thamani, yaani ushahidi uliopimwa kwamba maji ya mto ule yanatosha kuijaza bahari ndogo hata kama hayatoshi kuijaza ile kubwa. Kwa ushahidi huo serikali ya Kazakhstan na Benki ya Dunia ziligharamia tuta imara la Kokaral, lenye urefu wa kilomita 13 hivi, lililokamilika mwaka 2005. Lengo lake lilikuwa namba: mita 42 juu ya usawa wa bahari kuu. Maji yalifika hapo katika muda wa miezi, mapema kuliko wahandisi walivyotarajia. Chumvi ikapungua, samaki wa maji baridi wakarudi, na wavuvi wakaanza tena kutoa maelfu ya tani kwa mwaka. Hakuna wa kudai kwamba Aral imepona. Upande wa kusini uliachwa, mwaka 2014 sehemu yake ya mashariki ilikauka kabisa, na meli za Moynaq bado ziko mchangani. Kilichookolewa ni kile ambacho mtu aliweza kukipigia hesabu na kukiwekea mpaka.

Basi tufanye nini huku kwetu? Taasisi hazikosekani. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ipo Kisumu, Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ipo Bujumbura, na Tanzania ina bodi za maji tisa za mabonde yake. Vipimo vipo, wasomaji wa vipimo wapo, na wataalamu wa kuvitafsiri wapo. Kinachokosekana ni desturi ya kutangaza. Kila mwezi Tanzania na Kenya hutangaza bei za mafuta. Dereva wa bodaboda asiyejua soko la dunia linavyokwenda anajua lita ni shilingi ngapi kuanzia leo, na kituo kikimzidishia ana pa kusimamia. Usawa wa maziwa na mabwawa utangazwe vivyo hivyo, siku inayojulikana, kwa Kiswahili na kwa lugha za pande hizo, redioni na kwenye ubao wa kila mwalo. Namba nne zinatosha: usawa wa leo, usawa wa mwezi kama huu mwaka jana, maji yaliyoachiwa langoni, na kiasi ambacho kanuni ilisema kiachiwe. Ya tatu na ya nne zikipishana, atafutwe wa kueleza, na maelezo yake yatangazwe pia. Gharama yake ni ndogo kuliko kuchimba mfereji mmoja wa kuifuata bahari inayokimbia.

Watasema tangazo kama hilo litazua ugomvi kati ya nchi na nchi, kwa kuwa Tanzania ina kama nusu ya Ziwa Victoria, Kenya ina sehemu ndogo, na lango liko Uganda. Ugomvi upo tayari. Kinachobadilika ni kama utaendeshwa kwa hesabu au kwa tuhuma. Na serikali yenye lango ndiyo itakayofaidi zaidi, maana mwaka wa ukame wa kweli itaweza kuonyesha mikono yake ikiwa safi. Mvuvi wa pwani hana haja ya tangazo hilo. Yeye akipwelewa anautazama mwezi, anahesabu siku, anakwenda zake kunywa kahawa. Mvuvi wa ziwani hana mwezi wa kumwambia lini maji yatarudi, wala kama yatarudi. Ana mtu mwenye ufunguo wa lango. Haki yake ya kwanza, kabla ya fidia na kabla ya pole, ni kuambiwa lango limefunguliwa kiasi gani, wakati mtumbwi wake bado unaelea.